Sauti ya Baba Neema Kwenye Mtumbwi wa Plastiki

Jumatatu, 22 Septemba

Kazi kama kawaida. Maboksi ya shampuu tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane. Mgongo unauma upande wa kushoto. Nimerudi kwa miguu kutoka ghalani. Hapa Minto, Sydney, leo ni upepo mtupu, kitenge kilitaka kunivuka barabarani.

Nimemkuta Neema kwenye kochi, analia. Nikaangusha mfuko wa viazi. Nilijua ni msiba, nilijua wamepiga simu kutoka kambi ya wakimbizi. Kumbe analilia mchezo. Kule kwenye kiwanja cha michezo ya maji wameigeuza ile mitumbwi, ile inayovutwa juu kwa mnyororo halafu inaachiliwa, watu wanalowa na kupiga kelele. Zamani ilipita katikati ya msitu wa uongo, na ngoma, na vinyago vyenye meno. Sasa wameweka barafu na pengwini.

Nilikasirika. Msichana wa miaka kumi na tisa, anasomea unesi, analilia mtumbwi wa plastiki! Nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu kwa Kiingereza, ndiyo kawaida yake, kwamba ule ulikuwa mtumbwi wa Baba.

Nikaenda kumenya viazi. Nikasema moyoni, asante Yesu, vinyago vimeondoka. Naandika kama nilivyosema.

Jumatano, 24 Septemba

Mume wangu Elia alifanya kazi kule miaka sita. Kusafisha maji. Alitoa humo kofia, miwani, simu, viatu vya mguu mmoja. Siku moja alitoa meno ya bandia, akayaosha, akazunguka kiwanja kizima mpaka akampata mwenyewe. Tulicheka siku tatu. Akirudi nyumbani ananuka klorini. Nilimwambia avulie nguo gereji, asiniletee ile harufu ndani. Akawa anavulia gereji. Hata kwenye baridi ya Julai.

Amefariki miaka mitatu sasa. Moyo. Picha zake tunazo. Sauti yake hatuna, simu yake iliharibika na kila kitu kikaenda nayo.

Leo Neema alinisomea wanayoandika watu kwenye simu. Kuna kundi zima la wapenzi wa mitumbwi ile, sikujua. Watu wazima! Mmoja alimchumbia mke wake pale. Mmoja ana ndevu nyeupe kwenye picha, anasema aliketi ndani ya gari akalia. Mwingine anasema pengwini ni wazuri na wanaolia watafute kazi. Wengine wanasema vile vinyago vilikuwa vinawadharau watu wa Afrika, afadhali vimeondolewa. Hapo nilishangaa. Sikudhani kuna mzungu anayeona haya kwa ajili ya vinyago.

Lakini wote wanamlilia mzee. Mzee wa Mto, wanamwita. Mtumbwi ukifika juu kabisa, kabla ya kuanguka, sauti yake ilikuwa inatoka kinywani mwa kinyago kikubwa. Wamepanda miaka na miaka, wameyashika maneno yake kwa masikio tu, wanayapigia kelele pamoja naye wakishuka. Hawajui maana. Mmoja anasema ni laana. Mwingine anasema anahesabu. Mwingine anasema si lugha, ni ya kubuni.

Neema akataka kunisikilizisha. Nikamwambia nina nguo za kuanika.

Hakukuwa na nguo.

Ijumaa, 26 Septemba

Hili niliandike tu. Hakuna atakayelisoma.

Mzee wa Mto ni Elia.

Bosi alimkuta anaimba tenzi huku anavua majani kwenye maji. Akaipenda sauti yake. Akampeleka kwenye mikro ya kurekodia, akamwambia, sema chochote cha kwenu. Elia alirudi nyumbani na furaha kama mtoto, na kadi za kuingia bure, watu watatu. Mimi nikaona picha kwenye ile kadi. Vinyago. Moto machoni. Nikamwuliza, sauti yako wameiweka wapi? Akanionyesha. Kinywani.

Sikumwuliza alisema nini. Hilo ndilo. Neno moja tu la kuuliza, sikuuliza.

Nilikwenda kwa kikundi cha maombi. Nikawaambia mume wangu amewapa mashetani sauti yake. Tulifunga siku tatu kwa ajili yake. Mchungaji akamwita. Jumapili ile Elia alisimama mbele ya washirika, akatubu. Na suti yake ya kahawia. Alisema, kama nimemkosea Mungu, anisamehe. Hakujitetea. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo.

Nilijiona nimeokoa nyumba.

Zile kadi nilizitupa. Bila shaka alizitoa kwenye takataka, maana Neema anasema alikuwa anampeleka. Waliniambia wanakwenda Campbelltown kununua viatu. Wanarudi nywele zimelowa, wananiambia mvua ilinyesha. Mimi na Minto yangu kavu, nikaamini.

Jumapili, 28 Septemba

Kanisani. Tunasali kwenye ukumbi wa shule, na pale mbele sakafuni kuna mstari mwekundu wa mpira wa kikapu. Elia alisimama juu ya mstari ule. Leo niliutazama ibada nzima. Mahubiri sikuyashika.

Baada ya ibada, kwenye chai, Mama Furaha wa kikundi cha maombi akanishika mkono. Akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mama Neema! Nasikia yale mashetani ya Baba Neema wameyang'oa. Sasa wamebaki na kuku wa barafu!"

Wamama wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nilicheka, Bwana. Umeniona.

Jumanne, 30 Septemba

Leo nimesikia.

Nilifika saa tisa. Neema alikuwa jikoni. Akasema yule wa ndevu nyeupe amesafisha video yake ya zamani, ametoa ngoma, ametoa kelele, imebaki sauti tu. Watu wengi wanaisikiliza. Nikavua viatu. Nikaketi. Nikasema, weka.

Maji kwanza. Halafu yeye.

"Mama Neema, usiogope maji. Shika mtoto. Niko nyuma yako. Bwana ametangulia."

Basi. Ni hayo tu. Inarudia.

Maneno hayo nayajua. Ni ya ziwani. Tulipokimbia vita kutoka mji wetu wa Baraka kwenda Kigoma, asubuhi, watu wengi mno kwenye boti moja, maji yanaingia. Neema mgongoni hajafikisha mwaka. Mimi nilikataa kupanda. Nilishika jiwe. Kweli kabisa, nilishika jiwe kama mtu anayeshika mlango. Elia akaja kwa nyuma, akaniweka mikono kiunoni, akaniambia maneno hayo, taratibu, kama anamwambia mbuzi. Nikapanda. Akaendelea kuyasema njia nzima mpaka ng'ambo. Tangu siku ile sijaingia kwenye maji yoyote makubwa kuliko beseni.

Wakamwambia sema chochote cha kwenu. Akasema hicho. Alipoona mtumbwi unakaribia kuanguka, alichokuwa nacho ni hicho.

Nami nikamtubisha. Jina la Bwana limo ndani yake! Nilifunga siku tatu nipigane na jina la Bwana.

Nilimwuliza Neema, ulijua anachosema? Akanitazama. Na leo alijibu kwa Kiswahili. "Si ulijua, Mama?"

Miaka yote hii mtoto anadhani nilijua, na bado nilimsimamisha baba yake mbele za watu. Na hakuniacha. Ananipikia chai.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kazini nilikosea lebo, maboksi arobaini, ikabidi kuyafungua yote. Msimamizi aliuliza kama naumwa. Nilisema ndiyo.

Neema aliomba ruhusa awaandikie wale watu maana ya maneno na nani aliyesema. Nikamwambia andika. Andika jina lake, Elia, alisafisha maji yenu. Usiandike mengine.

Wamejibu wengi. Yule aliyesema ni laana ameomba msamaha, vizuri tu. Mwanamke mmoja anasema aliogopa maji tangu utotoni na sauti ile ndiyo ilimpandisha mara ya kwanza, hakujua kwa nini. Mmoja anasema ni uongo, Waafrika wanapenda kudai. Mmoja anasema afadhali asingejua, ilikuwa tamu zaidi akiwa hajui. Jumatatu ya sikukuu watakutana kule, wavae fulana zao za zamani, wamuage Mzee wa Mto. Wanatualika.

Watu hawa wamemtunza Elia bila kumjua. Mimi niliyemjua, ndiyo hivyo.

Kule hakuna aliyemhukumu. Hukumu iko kanisani. Jina lake bado limelala pale juu ya mstari mwekundu, mimi nililiweka, hakuna mwingine wa kuliinua. Jumapili kuna nafasi ya ushuhuda. Naogopa. Naogopa kama ziwani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimepiga pasi nguo. Nimefunga, tangu asubuhi maji tu. Sikumwambia mtu wa kikundi.

Nilifikiri nimwambie Mchungaji peke yake, ofisini, kimya kimya. Lakini Elia hakusimama kimya kimya.

Jumapili, 5 Oktoba

Usiku serikali ya huku imesogeza saa mbele kwa saa moja, nusu ya kanisa imechelewa kama kila mwaka. Mchungaji akangoja. Mimi nilikuwa wa kwanza, kiti cha mbele.

Walipoita ushuhuda nikasimama. Nikaenda mpaka kwenye mstari. Nikasema mambo yalivyokuwa. Nikayasema maneno ya Elia kama alivyoyasema, bila haraka. Nikasema, yule mtu alitubu dhambi ambayo hakuwa nayo, kwa sababu mimi mke wake sikumwuliza. Dhambi ni yangu. Neema alikuwa anarekodi kwa simu, sikumzuia.

Mtoto mmoja akaangusha chupa, ikabingirika mpaka mwisho wa ukumbi.

Mzee mmoja mwenyeji wa Uvira akasimama nyuma, yule anayesinzia siku zote. Akasema, "Aksanti, Mama Neema. Tumesikia. Baba Neema alikuwa mtu wa Mungu, na sisi wote tulikuwa hapa siku ile." Akaketi.

Mchungaji alinishika mkono mlangoni, akaniambia lile lilifanywa kwa nia njema. Najua anataka kunitua mzigo. Lakini sitaki nia njema. Nataka Elia awe amesikia, na hasikii. Nimechelewa miaka mitatu kwa yeye kusikia, na mingine kabla ya hiyo.

Mama Furaha alipita bila kusalimia. Halafu akarudi kutoka kwenye gari, akanipa bakuli la sombe, majani ya muhogo, bado moto. Macho yake mekundu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Treni, halafu basi. Neema amevaa fulana ya baba yake ya kazi, inamfika magotini. Sikujua kama ameificha.

Walikuwa watu kama sitini. Yule wa ndevu nyeupe ni fundi wa mabomba, mkubwa kama friji. Aliponiona akavua kofia. Nikadhani atatoa hotuba, akanionyesha tu mahali Elia alipokuwa anasimama na wavu wake. Anamkumbuka. Anasema alikuwa anawapungia mkono wenye hofu.

Pengwini ni wazuri, kusema haki. Mmoja anapiga filimbi.

Neema akasema kwa upole, si lazima, Mama. Nikapanda. Neema mbele, mimi nyuma yake, mikono yangu kiunoni mwake. Mnyororo ukavuta. Nilifumba macho. Nilishika fulana ile ikakunjamana yote. Tulipofika juu kukawa na filimbi ya pengwini tu, mahali pa sauti hapana sauti.

Halafu mtumbwi wa nyuma yetu wakaanza. Na wa nyuma yao. Na waliokuwa chini kwenye daraja. Watu wazima wa Sydney, kwa Kiswahili chao kibovu, wananiita jina langu, wananiambia nisiogope maji.

Sikuweza kupiga kelele nao. Nilisema chini chini, sikioni mwa Neema, niko nyuma yako.

Tukaanguka. Nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimerudi kazini. Maboksi ya sabuni leo. Mgongo afadhali.

Neema ana masomo mpaka jioni. Nyumba kimya. Nimekula sombe ya Mama Furaha, nimeosha bakuli, kesho nitalirudisha na mayai ndani.

Nguo za jana nilizianika gereji bila kuzifua. Zimekauka. Nilikwenda kuzitoa nizitie kwenye mashine, nikazileta puani kwanza. Klorini.

Nimeziingiza ndani. Ziko kwenye kiti cha Elia.