Mtia Moyo Kakwama Kwenye Tope

Shamsia, sikia haya, bado nina hasira!

Yule mgeni wa Dar aliyeletwa kututia moyo walimu baada ya mafuriko kamsimamisha Habiba, ambaye nyumba yake imeondoka na maji. Eti, "Mwalimu, tabasamu. Mafuriko ni fursa."

Fursa! Kamwambia Habiba, Shamsia! FURSA!

Habiba katabasamu kweli, akamwomba aendelee. Sisi tukapiga makofi, tukamwongezea maswali, huku tunaona kabisa maji yanakupwa chini ya boti iliyomleta.

Sasa boti yake imekaa juu ya tope! Maji yatajaa usiku, na nahodha hasafiri gizani. Analala darasani na mbu wetu.

Habiba mwenyewe kampelekea mkeka. Kamwambia, "Tabasamu, mgeni. Hii ni fursa."