Dumu Nililomtwika Baliram

Kwa Dada yangu Phoolwati,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limepata nafuu sasa baridi inapokwisha. Wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu. Mimi mwilini sijambo. Mengine utayasoma.

Umeniuliza kama ni kweli Baliram ametoka rumande, na kwa nini watu wa mtaani kwetu wakikutana nawe hawanitaji tena. Nitakueleza yote. Naomba usome ukiwa umekaa.

Unajua mimi na Baliram tumepiga klarineti miaka kumi na mmoja katika bendi ya harusi ya Mzee Nizam, sare moja nyekundu, kofia moja ya manyoya. Lakini wenye harusi wakija, swali lao ni moja tu: "Baliram atakuwepo?" Nami nimesimama pale pale kama mwavuli ulioegemezwa ukutani. Hata wewe, ulipokuja mwaka juzi kwa sikukuu ya Diwali, ulimwambia kwamba ukimsikia unamkumbuka baba. Mtoto wa baba ni mimi, Dada! Nilitabasamu, nikatoka nje, nikatafuna tambuu hadi fizi zikauma.

Basi mwaka jana, alasiri moja, stoo ya bendi ikashika moto. Ngoma, sare, taa za msafara, karibu vyote vikawa majivu. Wiki hiyo Baliram alikuwa amegombana na Mzee Nizam kwa sababu alitaka kufungua bendi yake mwenyewe, kwa hiyo minong'ono ilianza kabla maji hayajafika. Polisi walipouliza nani ameona nini, nikasema nimemwona Baliram akitoka mlango wa nyuma na dumu la mafuta ya taa. Wakamkamata siku ile ile.

Inspekta wa polisi aliyeshika kesi aliogopa kwamba mbele ya jaji ningebadili maneno, akanipeleka kwa hakimu ili yaandikwe kwa kiapo. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kuliko wewe, ana mafua. Kitu cha kwanza alimtoa Inspekta nje, akaamuru mlango ufungwe. Akaniambia kwamba pale halazimishwi mtu kusema, kwamba nikikataa polisi hawatanigusa, na kwamba nikiapa kisha nikadanganya, nitakayeshtakiwa ni mimi. "Kaa kwanza ufikiri," akasema, "sina haraka." Nilifikiri, Dada. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema jambo jingine kabisa.

Ndipo karani wake, akiwasha kompyuta, akasema kwa uchangamfu, "Huyo Baliram si ndiye aliyepiga klarineti harusi ya binti yangu? Wakati wa kumuaga bibi harusi, ukoo mzima tulilia!" Hakimu akamkaripia anyamaze. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Siku ya harusi ile Baliram alikuwa kwake, amelala na homa. Niliyewaliza ni mimi.

Nikaapa. Nikasema dumu lilikuwa la bluu, la lita tano. Hakimu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasomewa maneno yangu, nikatia sahihi kila ukurasa.

Baliram alinyimwa dhamana, akakaa ndani miezi saba. Mzee Nizam akaazima vyombo, na msimu wote nikapiga mimi mbele. Watu walisema, "Si mbaya." Si mbaya! Miezi saba sikupewa neno jingine.

Sasa nakiri kwako. Nilimwona Baliram akitoka, ndiyo. Lakini moto ulikuwa umeshashika kasi, naye alikuwa amekumbatia ngoma kubwa ya Mzee Nizam, nyusi zimeungua. Dumu nililiweka mimi, kwa ulimi wangu.

Siku ya kesi nilimwona kizimbani. Unamjua, hawezi kushika hata kikombe bila vidole kucheza wimbo. Siku ile vidole vilikuwa vimelala juu ya mbao, havitikisiki. Nilikuwa nimelitamani hilo miaka yote, na nilipolipata sikuweza kulitazama. Wakili wa serikali aliponisomea maelezo yangu, nikasema dumu ni uongo. Akang'aka kwamba shahidi amegeuka, akataka kujua kwa nini basi nilimwambia hakimu vile. Nikajibu, "Wivu, mheshimiwa." Kisha nikaongeza kwamba ile harusi ya binti wa karani nilipiga mimi. Watu wakaangua kicheko, mpaka jaji akagonga meza.

Baliram ameachiwa. Kesi yangu ya kusema uongo kwa kiapo itaanza baada ya sikukuu ya Holi.

Juzi alikuja mlangoni kwangu. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa nini. Nikamwambia kwa sababu ananishinda. Akasema, "Miezi saba, Girdhari! Kwa mdomo huo huo si ungenitukana tu, yakaisha?" Maji niliyomletea hakuyanywa. Alipofika kwenye kona nikamsikia akipiga mluzi, taratibu, kama anayejaribu kama bado anaweza. Hata mluzi ule, Dada, niliuonea wivu.

Mama usimwambie kwa simu. Nitakuja mwenyewe kabla sijaitwa mahakamani. Msalimie shemeji, kama bado atapenda kupokea salamu zangu.

Mdogo wako,
Girdhari