Swali la Tisa

Wifi, uko? Acha hiyo kazi unisikilize.

Natoka ofisini kwa Padre, mkuu wa shule, sasa hivi.

Ule mtihani wangu wa hesabu. Swali la tisa jibu ni 84. Wavulana wamekokotoa vizuri, hatua zote zinafika 84, halafu mstari wa mwisho wameandika 48. Darasa zima! Aliyeandika 84 ni mmoja tu, yule anayeshika mkia kila muhula.

Padre akanitazama juu ya miwani: "Mwalimu, Roho Mtakatifu kawashukia wote, tena na jibu la makosa?"

La makosa, wifi! Nikacheka. Yeye hakucheka. Nimtaje aliyevujisha kufikia kesho, ama nifungashe.

Na hiyo 48 ni yangu. Niliteleza nilipoandika majibu ya kusahihishia, na pale shuleni sijamwonyesha mtu. Nimemshuku mpaka mfagizi wa kanisa, Mungu anisamehe.

Halafu nikakumbuka niliyachapishia dukani kwako. Na mwanao yumo darasani.

Wifi?

Naona unaandika, unafuta, unaandika tena. Unafuta nini, na mimi bado sijakuuliza kitu?