Mpaka Nikuambie Uache

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa goti la Bibi, ambalo yeye anasema limemzidi umri. Wewe je, kifua kimepona? Unakula?

Mwalimu wa sayansi alitufundisha habari za mapafu. Nikanyoosha mkono nikasema dada yangu ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, kwenye hospitali ndogo ambako barabara ya lami haijafika. Akaniuliza hicho chumba cha mahututi kina nini ndani. Nikabaki nimesimama kama mlingoti, maana sijui. Niandikie nipate la kumjibu.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Bibi siku hizi hasikii vizuri, basi kila neno inabidi nilipaze, na mambo mengine hayafai kupazwa. Ulisema utakaa huko mpaka aletwe muuguzi mwingine. Ameletwa?

Mdogo wako,
Sisimizi

19 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba. Kifua kimepona baada ya ukaidi mwingi. Msalimie Bibi, na goti lake ulisalimie kwa heshima, maana ni mkubwa wetu.

Mwambie mwalimu hivi: vitanda vinne, mashine moja ya oksijeni tunayoigawa kwa mipira kwa wagonjwa wawili, dirisha lisilofungika, na mimi. Mashine ya kumpumulia mtu hatuna. Tuna mfuko wa mpira wenye barakoa. Unambania mgonjwa barakoa usoni, unaminya mfuko, kifua kinapanda. Unaachia, kinashuka. Pumzi ya mtu inakuwa kiganjani mwako. Nami nina mikono miwili tu, kwa hiyo huwafundisha ndugu wa mgonjwa waminye wao, wakati tunangoja gari la kumpeleka hospitali kubwa. Mfagizi wetu, tunayemwita Mzee Haraka kwa sababu hajawahi kuwa nayo, ndiye hodari wa wote. Ananiambia, "Kazi hii haitaki pupa, nesi, ndiyo maana imenipenda."

Muuguzi mwingine aliletwa. Akashuka, akachungulia chumbani, akapanda gari lile lile lililomleta.

Nikitoka kazini natembea mpaka chumba changu, nafungua mlango, nasema "hodi" mwenyewe, najikaribisha mwenyewe. Usimwambie Bibi.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mwalimu, ila ya "hodi" niliiruka. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na huyo anayeminya akichoka je?"

Bibi nilimficha, lakini aliniangalia usoni akasema, "Huyo mtoto yuko peke yake, siyo?" Masikio yamemwacha, macho yamebaki.

Shule zitafungwa Aprili. Ulisema utakuja. Sikulazimishi, nakukumbusha tu. Lakini kwa kweli nakulazimisha kidogo.

Mdogo wako,
Sisimizi

21 Machi

Mdogo wangu,

Nimekaa kimya, nisamehe. Ukiniuliza hali, mwili ni mzima. Moyo ndio sijui.

Aliletwa fundi seremala, homa ya mapafu imemwelemea. Alikuwa na mkewe tu. Nikamfundisha yule mama kuminya mfuko, nikamwambia kama ninavyowaambia wote: "Usiache mpaka nikuambie uache." Akasema, "Sawa, mwanangu." Mara nikaitwa wodi ya wazazi, kuna mzazi anavuja damu. Nikaenda mbio. Huyo alipona, na mtoto wake pia.

Niliporudi, mke wa fundi alikuwa bado anaminya. Mumewe alikuwa ameshakata roho, na si muda ule. Alikuwa amepoa. Mkewe alijua. Aliniangalia akasema, "Hujaniambia niache."

Nikapiga magoti, nikamshika mikono, nikasema, "Acha sasa, mama." Vidole vilikuwa vimekakamaa. Tukakaa sakafuni tukivinyoosha kimoja kimoja.

Tangu siku hiyo siwezi tena kumwambia mtu "usiache mpaka nikuambie". Mzee Haraka amejaribu kunichekesha: "Nesi, nawe unagawanywa kama oksijeni, kila upande unapata kiduchu." Nikacheka kwa ajili yake.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Sijaipeleka. Aliyenikosa zaidi kwa mimi kuwa huku ni wewe, basi nakuuliza wewe. Ukisema njoo, nitakuja kabla shule hazijafungwa.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Bibi mzima, nami mzima, ila nimelia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Siku ile ile niliyopata barua yako niliandika "Njoo", nikaifunga kwenye bahasha. Bibi akauliza, "Dada yako anasemaje?" Nikamsomea kwa sauti kubwa, mpaka pale pa vidole, nadhani na majirani walisikia. Akasema, "Sisi hatukuwa na wa kutuambia."

Ulikuwa chuoni, na sijawahi kukusimulia. Siku Mama alipotutoka, tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi yake tangu asubuhi, Bibi na mimi na chupa ya chai tuliyomletea. Watu wa makoti meupe walipita, nami nikawaamkia wote. Mwishowe mama mmoja aliyebeba mashuka ya kufua akatuuliza tunamngoja nani. Tukamtajia. Akasema, "Kumbe ninyi hamjaambiwa?" Sikumchukia. Ila nakumbuka kwamba pale kwenye benchi kuna wakati nilicheka, Bibi alikuwa amesema jambo fulani kuhusu viatu vya daktari, na mpaka leo sijui kama wakati ninacheka Mama alikuwa bado yupo.

Mke wa fundi alikungoja nawe ukarudi. Ulichelewa. Lakini ulirudi, ukapiga magoti, ukamwambia.

Kwa hiyo usije. Nimeliandika kwa wino nisije nikalifuta. Silipendi neno hili hata kidogo.

Likizo nitakuja mimi. Shangazi amekubali kukaa na Bibi. Sijui kama watoto huruhusiwa kuingia katika chumba chako. Wakinikataza, nitakaa nje na wale wanaongoja. Sitawaambia habari za wagonjwa wao, kwa kuwa si kazi yangu. Nitawaambia tu kwamba nesi aliye ndani ni dada yangu, na kwamba atatoka.

Mdogo wako,
Sisimizi