Baba Kapewa Jembe Huku Oxon Hill

Oxon Hill, Maryland
Julai, 1997

Mama yangu kipenzi,

Nashika miguu yako kutoka huku mbali, na naomba barua hii ikukute mzima, umetulia na kikombe chako cha chai ya tangawizi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea imesaidia, au umeigawa yote kwa majirani kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mume wangu Hamadi hajambo, mjukuu wako Raya hajambo, anarefuka kila nikigeuka. Na Baba… Mama, kwa habari za Baba kaa vizuri usome pole pole. Nilitaka kupiga simu, lakini kadi ya simu ingekwisha kabla sijafika kwenye utamu.

Najua barua yangu iliyopita ilikuliza. Nilikuandikia kwamba jicho la kwanza limepasuliwa salama, ila daktari amesema tungoje kidogo kabla ya la pili, na Baba kungoja hataki. Alikuwa hali vizuri, hasemi, anashinda dirishani akitazama magari ya watu. Lile sanduku lake la kahawia, lile la Nizwa, Omani, alilokuwa akija nalo kila likizo, tangu afike alikuwa hajalipakua. Asubuhi anatoa kanzu moja, usiku anaikunja anairudisha, anafunga na mkanda. Nikimwambia, "Baba, kabati lipo, tundika nguo zako," ananijibu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie nimekaa miezi, jembe sijaliona. Kazi yangu hapa kula na kulala, kama paka."

Nawe ulinisisitiza nisimwache arudi na jicho moja. Nilikuwa nakuitikia kwenye simu, lakini mwenyewe nilikuwa sijui nimshike kwa kamba gani. Unamjua mumeo. Akisema naondoka, keshavaa viatu.

Basi ng'ombe wa maskini hazai. Katikati ya joto kali kuliko yote ya mwaka huu, mashine ya baridi ikafa. Nyumba za huku, Mama, hazina kiyoyozi kila chumba. Kuna mashine moja kubwa kama kabati la nguo, imesimama kwenye chumba cha chini ya nyumba, inapuliza hewa ya baridi kwenye njia za bati zilizopita darini mpaka kila chumba. Yetu tuliikuta humu tuliponunua nyumba, nzee, imeota kutu miguuni. Ilianza kukohoa, ikafuatia kugonga kama sufuria lililotiwa mawe, halafu kimya. Na joto la huku usilidharau. Hewa yenyewe imelowa, unaivuta kama unavuta shuka mbichi.

Baba alivumilia akijipepea na gazeti, shingo yote jasho. Halafu akasema, "Rukia, mwanangu, nimeishi jangwani miaka yote ile, joto la kukaanga yai juu ya jiwe, sikufa. Nije kufia sebuleni kwa mkwe wangu? Nikatieni tiketi nirudi kwa mama yenu." Nikamtazama Hamadi anisaidie, Hamadi akainamisha macho. Yeye ni mkwe, atambishia vipi? Nikaingia bafuni nikafungulia maji nisisikike nalia.

Aliyetuokoa ni mume wa Wanjiru, mwenzangu ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Anaitwa Njoroge, Mkikuyu wa Nyeri, na kazi yake ndiyo hiyo ya mashine za baridi. Ana cheti cha kugusa gesi, maana huku huigusi gesi bila cheti. Jumamosi akaja na mashine mpya nyuma ya pikapu yake. Yeye na Hamadi wakaishusha ngazini kwa taabu, Bismillahi nyingi upande mmoja na "Yesu wangu" upande wa pili. Baba naye akateremka nyuma yao, mkono ukutani.

"Mzee, wewe kaa hapo kwa kiti u-relax," Njoroge akamwambia kwa heshima kabisa. "Hii kazi utuachie sisi vijana."

Baba akakaa. Lakini walipoing'oa ile kuukuu akasimama, akaingiza mkono kwenye mdomo wa njia ya bati, akapapasa huku amefumba macho yote, zima na bovu. Akasema, "Hii mashine haikuuliwa na uzee peke yake. Imekufa kwa kuchoka. Hewa inapotea njiani."

"Mzee, nimecheki. Hizo bati ziko sawa."

Baba akapanda juu, nikasikia mkanda wa sanduku unafunguliwa mchana mchana, nikajua anafunga safari. Kumbe anatafuta chetezo! Mama, chetezo kile ulichomfungia wewe mwenyewe kwenye fulana, pamoja na udi wa Idi. Akaniomba nimwashie mkaa jikoni, akashuka nacho kinafuka.

Walipokwisha kuisimamisha mashine mpya na kuifunga nyaya, Baba akasema, "Washa feni tu. Baridi usiwashe kwanza." Njoroge akawasha. Baba akapitisha chetezo pole pole kwenye maungio ya bati, kiungo baada ya kiungo. Moshi ukawa unapanda wima, unapanda wima, halafu ghafla ukapinda, ukamezwa ndani ya ufa ambao mimi hata sikuuona. "Hapa," akasema. Njoroge akabandika utepe wa bati. Mbele kidogo moshi ukatawanywa, hewa inatoroka. "Na hapa." Kule Nizwa vumbi la jangwa likipata ufa wa unene wa unywele linaingia mpaka kwenye sahani za watu, ndiyo maana wakajifunza kuzitafuta nyufa kwa udi. King'ora cha moshi kikaanza kulia nyumba nzima, Hamadi yuko juu ya kiti anakipepea kwa taulo, na Baba wala hakugeuza shingo.

Mimi nilikuwa nimesimama ngazini na trei ya sharubati, nikasahau kushuka. Mama, miaka yote aliyofunga mashine za baridi kule Omani, mimi na wewe hatukuwahi kumwona Baba kazini. Sisi tulimjua Baba wa likizo, Baba wa halua na vitambaa, anayefika na sanduku na kuondoka na sanduku. Ugali wa wenzetu ulitoka shamba tuliloliona, wali wetu ulitoka mahali tusipopajua. Sikujua kwamba akifanya kazi anauma ncha ya ulimi, vile vile anavyofanya Raya akichora. Sikujua kwamba vidole vyake vinaona. Niliona fahari ambayo siwezi kukuandikia, nikatamani uwe umesimama pale ngazi moja chini yangu.

Njoroge akamaliza mambo ya gesi, Baba akazunguka kidogo nyuma ya nyumba akarudi, Njoroge akawasha baridi. Halafu Mama, kutoka kila tundu la hewa, sebuleni, chumbani, mpaka chooni, ikashuka baridi, na pamoja na baridi ikashuka harufu ya udi! Nyumba ikanukia kama ya bibi harusi. Njoroge akanusa huku na huku, akacheka. "Wah! Mzee, hii ni AC ama ni kanisa ya Catholic?" Nikapiga vigelegele peke yangu hapo hapo, jirani Mmarekani akachungulia dirishani.

Nikapakua pilau, tukakaa chini wote kwa furaha. Ndipo Raya, aliyekwisha kula na kwenda kuitazama mashine mpya, akaja mbio. Kiswahili anakisikia, lakini kujibu ni Kiingereza tu. "Babu, it's raining downstairs!" Yaani mvua inanyesha chini.

Tukashuka. Maji! Yanafurika chini ya mashine mpya, boksi la kanda za video za harusi yetu linaelea. Njoroge akashika kiuno. "Sasa hii maji inatoka wapi? Pipe niliweka mimi mwenyewe, mpya." Maana mashine hizi zinatoka jasho zinapofanya kazi, na jasho hilo lina kibomba chake cha kulitoa nje. Tukakifuata hicho kibomba mpaka nyuma ya nyumba, Njoroge akainama kwenye ncha yake. "Nani ame-block hii pipe?"

Ilikuwa leso nyeupe, imekunjwa vizuri, imesokomezwa ndani. Leso ya Baba.

Baba akaitazama ile leso, halafu akaangalia juu, upande wa dirisha la chumba chake, kwenye sanduku. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Safari hii ataondoka na aibu juu.

Mara mabega yakaanza kumtikisika. Baba anacheka! Tangu afike Marekani nilikuwa sijausikia mcheko wake. "Nge!" akasema. "Wallahi nilikuwa nawazibia nge! Kule tukishafunga mashine, jambo la mwisho unaziba kibomba kwa kitambaa, nge na vumbi wasipande. Hewa ya kule kavu, mashine inatoa matone mawili, yanajipenyeza. Mkono umeziba wenyewe, mie sina habari. Mazoea yana taabu!"

"Mzee, huku hakuna nge," Njoroge akasema. "Huku ni maji tu. Hii hewa yetu ukiikamua inajaza ndoo."

"Basi nimejifunza kwako," Baba akamjibu, akachomoa leso. Maji yaliyokuwa yamesimama ndani yakamrukia Njoroge suruali nzima. Mama, tulicheka mpaka Hamadi akakaa kwenye majani. Kanda za harusi tulizianika, ile unayocheza wewe imepona.

Alipokuwa anaondoka, Njoroge akamshika Baba mkono. "Mzee, kuna nyumba Langley Park, mama analia kila siku hasikii baridi, na mashine nimekagua haina shida. Si twende na hiyo moshi yako?"

Baba akajikuna ndevu, anajifanya kufikiri. "Ngoja nimwulize binti yangu kama ananihitaji nyumbani." Nikamwambia namruhusu, nikageuka upande nisionekane uso.

Sasa wiki haipiti hajatoka. Anakaa mbele kwenye pikapu, kanzu safi, chetezo magotini. Daktari hana neno, mradi asinyanyue vizito. Malipo hataki. Anasema malipo yake ni kuulizwa. Akirudi jioni anakula, anaongea mpaka namwambia apumzike. Na la jicho, mwenyewe kanikumbusha nimpeleke hospitali wakapange siku.

Juzi niliingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua. Kanzu zote zimetundikwa kabatini. Fulana ziko kwenye droo. Sanduku la Nizwa liko wazi karibu na mlango, na ndani mna bisibisi, koleo, tepu ya bati na mkaa. Nikakaa kitandani kwake nikalia tena, lakini safari hii maji ya bafuni sikuyafungulia.

Nisalimie Shangazi, mwambie kitenge chake nimekiona na kitakuja. Nisalimie kaka yangu na mkewe, na watoto wao wote, waambie wasome. Mpe mkono mwalimu wangu wa chuoni, na yule jirani anayekuandikia majibu mwambie hati yake inasomeka kuliko yangu. Hamadi na Raya wanakuamkia.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Rukia

Mama, nilikuwa nafunga bahasha Baba akasema nisifunge, na yeye ana neno. Naandika anavyotamka:

"Mke wangu, udi umekwisha, kwa hiyo huna budi kuuleta mwenyewe. Hamadi keshaanza kuulizia viza. Chukua shali nzito, maana humu ndani nimetia baridi. Jicho la pili watalifungua karibuni, na mie sitaki likaanze kuona kabati na ukuta. Uwe umekaa mbele yangu."