Chura wa Kidimbwi cha Mama

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Mimi sijambo, kazi tu hapa makumbusho.

Yule chura uliyemkuta kwenye kidimbwi cha marehemu mama ametuduwaza. Tumepima vinasaba vyake, tukamlinganisha na vyura wote tulio nao. Hana ndugu wa karibu. Katika mti wa ukoo wa vyura yuko kwenye tawi lake peke yake. Binamu zake waliachana naye zamani mno, kabla hapajawa na mtu wa kuwaita vyura. Ni spishi mpya, na mimi ndiye nitakayeipa jina. Nataka nimpe la mama. Ila mmoja hatoshi kuthibitisha. Nitafutie wengine, dume kwa jike.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Nimecheka peke yangu. Mama yako aliyewafukuza vyura kwa ufagio, leo wanaitwa kwa jina lake. Tangu tumzike sijacheka hivyo.

Mtaka cha mvunguni huinama, nami nimeinama mpaka kiuno kimegoma. Nilikausha kidimbwi kwa ndoo, nikapekua chini ya kila jiwe. Nimekutumia wote, wenye mayai na wachanga, kwenye spiriti kama ulivyonifundisha. Asije mtu akakwambia hawatoshi.

Baba yako

19 Agosti

Baba,

Shikamoo. Unisamehe kwa kimya. Jina la mama limekubaliwa na limechapishwa, lakini furaha yangu imeingia shubiri. Wenzangu wamezunguka mabonde yote ya jirani, hawakupata hata mmoja. Inaelekea kidimbwi chetu ndicho kilichokuwa kwao pekee. Sikukwambia ubakize, na kosa ni langu. Hujaona hata mmoja?

Mwanao

30 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Hali yako siulizi, najua unalia. Mvua zimeanza na kidimbwi kimejaa pomoni. Kila jioni natoa kiti nakaa pale. Nasikia maji tu. Nilitaka mama yako abaki, kumbe ni mimi niliyemmaliza. Usinibembeleze. Niambie tu, tawi likiisha kwenye ule mti wenu, mnaandikaje?

Baba yako

14 Desemba

Baba,

Shikamoo. Tunaweka msalaba mdogo pembeni ya jina. Mkuu wangu ameniambia niuweke kwenye la mama kabla hatujafunga mwaka. Nimeshindwa. Nimeomba likizo, nafika Ijumaa. Tutakaa wote tusikilize.

Mwanao