Kigari cha Feni na Mkono wa Baba

Jumamosi, 2 Machi

Kimekwenda! Kimekwenda chenyewe, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye tangi la maji, bila kusukumwa na mtu. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama ni nyoka.

Niandike kilivyo, nisije nikasahau. Ubao wa kabati bovu. Magurudumu manne ya kigari cha mtoto. Betri ya pikipiki. Na nyuma, feni ya rejeta aliyonipa baba mkwe, aliing'oa kwenye lori lake kabla halijauzwa kama chuma chakavu. Feni inavuma kwenda nyuma, kigari kinakwenda mbele. Naiwasha na kuizima kwa simu. Nataka siku moja kiwe roboti kweli, kimpelekee baba chai chumbani kwake huko uani bila mimi kutoka jikoni. Wateja wangu wakijua fundi simu wao anafanya haya nyumbani watapeleka simu zao kwingine.

Baba alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akaangalia yote. Badala ya kupiga makofi akauliza, usukani uko wapi? Na breki? Nikamwambia vitakuja, baba, kwanza tuone kama kinakwenda. Akasema ameendesha malori maisha yake yote na hajaona mtu anayeanza na kwenda. Unaanza na kusimama, mwanangu. Nikacheka. Breki si nazima feni, basi!

Mume wangu hakucheka. Tangu nilipounguza soketi ya sebuleni ameshasema: makorokoro haya yakileta balaa nyingine moja, yote yanatoka nje ya geti. Moja tu!

Jumapili, 3 Machi

Sijui niandikeje.

Mume wangu alikuwa ametoka. Nilitaka kurekodi video niwaonyeshe watu. Ua wetu una mteremko kidogo kuelekea getini. Nikawasha feni, kigari kikashika kasi. Mara baba akaingia getini na gazeti lake, akageuka kufunga komeo, mgongo kwangu. Nikazima feni. Feni ikazimika — kigari hakikusimama! Kwa nini nilidhani kitasimama? Hakuna kilichokuwa kinakishika. Kikaendelea kuteremka, kikamgonga nyuma ya miguu, na baba akaenda chini, mkono mmoja mbele.

Sasa hili. Naliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Sikumkimbilia baba. Nilikimbilia kigari. Nilikibeba, nikakiweka nyuma ya tangi, nikakifunika kwa beseni la kufulia. Ndipo nikarudi kumwinua. Mzee yuko chini anaugulia, na mimi natafuta beseni! Baba wa mume wangu. Mtu anayeniita mwanangu mbele ya watu na nisipokuwepo.

Jirani akaja, mume wangu akafika. Kumetokea nini? Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, baba akasema, nimejikwaa. Nikaufunga mdomo.

Mkono umevunjika karibu na kiganja. Wamemfunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Alipotoka kwa daktari aliniambia pole. Yeye kuniambia mimi!

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungua kibanda, nimefunga kabla ya mchana. Nimepasua kioo cha simu ya mteja.

Jioni mume wangu ameniuliza tena: alijikwaa na nini? Pale getini ni sakafu tupu. Nikasema sikuona, nilikuwa nimegeuka. Sikutafuta hata maneno. Yalikuwa tayari mdomoni.

Jumatano, 6 Machi

Simu zimepigwa kutwa. Wifi yangu anasema mzee anayeanguka mahali patupu, bila kitu cha kumwangusha, huyo ameanza kuchoka kichwani, si miguuni. Kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji, amekwenda mbali zaidi. Je, angeanguka hivyo akiwa nyuma ya usukani? Angeua watu! Kwa hiyo wanataka pikapu iuzwe, funguo zichukuliwe, na baba ahamie kwa shemeji, mahali ambapo kuna mtu wa kumwangalia saa zote.

Pikapu ile! Ndiyo inayompeleka kwa dada yake ng'ambo ya mji. Ndiyo anayobebea mbao za seremala, na seremala akimlipa au asimlipe yeye anarudi anapiga mluzi. Kila asubuhi anafungua boneti hata kama haendi popote. Kumnyang'anya funguo ni kumwambia kaa usubiri kufa.

Mume wangu aliweka simu kwenye spika. Nikayasikia yote. Bila kitu cha kumwangusha, wifi alisema, na mimi nakunja nguo. Nilikunja shati moja mara tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempelekea baba chai chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye mto. Akanywa kidogo. Halafu akauliza kama anayeuliza habari za mvua: umeshakiwekea breki?

Trei nusura inidondoke. Akaendelea. Siku ile feni ilinyamaza kwanza, akasema, niliisikia, halafu nikasikia magurudumu. Kumbe alijua! Alijua akiwa bado chini! Je, aliniona na beseni? Sikuuliza. Siwezi kuuliza. Heri anitukane kuliko anijibu hilo.

Nikapiga magoti, nikasema nisamehe, baba. Akasema inuka, sakafu ni ya baridi. Nikamuuliza, mbona ulisema umejikwaa? Akasema: sasa ningesema nini, mumeo akutupie vitu vyako nje? Mfupa unaunga, mwanangu. Kalete hicho kigari na bisibisi.

Hajui. Hajui wanawe wanapanga nini. Alidhani analipa mkono mmoja tu, basi. Mimi najua bei yote, na nimeinuka nikaenda kuleta bisibisi.

Jumamosi, 9 Machi

Usukani umekamilika. Tumekata dumu la plastiki, tukapata kipande kirefu kama mkia wa samaki, tukakisimamisha nyuma ya feni. Kimota kidogo kinakigeuza huku na huku. Upepo ukipiga ule mkia, kigari kinakata kona. Tumekizungusha tangi mara nyingi mpaka jirani akachungulia tena, safari hii akaomba zamu.

Lakini nimegundua jambo. Feni ikizimwa, mkia unapinda bure. Hakuna upepo wa kuupiga. Yaani siku ile hata ningekuwa na usukani, nilivyozima feni ningekuwa nimeuzima na usukani wenyewe. Nikamweleza baba. Akatikisa kichwa, skrubu tatu zimebanwa midomoni, akasema kwa pembeni ya mdomo: ndiyo maana nilikwambia breki.

Alikuwa na furaha leo. Mkono mmoja, na bado ananiamrisha: shika hapa, kaza, usikaze sana, wewe unakaza chuma au unakaba mwizi? Nilicheka kweli. Halafu nikajiona ninavyocheka. Mtu mwenye haya angecheka?

Jumanne, 12 Machi

Breki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Kipande cha kandambili kinachobanwa kwenye gurudumu moja la nyuma. Nikabonyeza — kigari kikazunguka kama kimelewa, kikavamia ndoo. Baba akasema breki ya upande mmoja ni mbaya kuliko kukosa breki. Tukaweka kandambili ya pili upande wa pili. Sasa magurudumu mawili yanabanwa pamoja, kinasimama pale pale.

Mchana nimekiwekea macho, vile vidude viwili vinavyohisi kitu kikiwa mbele. Kikihisi kitu, kinabana breki chenyewe na kuzima feni. Nimejaribu kwa ndoo, kikasimama. Kwa kiti, kikasimama. Halafu nikaenda kusimama mwenyewe pale getini, mgongo kwenye kigari, kama alivyosimama yeye. Nikakiacha kije. Nikasikia feni inakaribia. Nilitaka kinigonge, nasema kweli! Kikasimama. Nikakaa chini kwenye mteremko nikalia. Baba akasema hata yeye alilia alipopewa lori la kwanza. Akanipa leso yake.

Jioni mume wangu ameniambia, ndugu zake wanakuja Jumapili kuamua. Nisimwambie baba mapema, atapandwa na hasira bure. Nikasema sawa.

Sawa!

Alhamisi, 14 Machi

Leo nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga niseme tukishakula. Kabla sijaanza, mume wangu akashika mkono wangu — mtu ambaye hata kwenye harusi yetu alinishika kiwiko. Akasema hana raha, kila akimwona baba anaona kama anamtazama kwa mara ya mwisho. Halafu akasema asante unavyomtunza. Wengine wake zao hata maji hawawapi wazee.

Nikajibu, si baba yangu pia?

Ningesemaje baada ya hapo? Ningesema hivi: baba yako hana ugonjwa, lala usingizi, ni mimi. Ni maneno machache. Nimeyaandika sasa hivi bila shida yoyote. Kinachonishinda si makorokoro kutupwa, wala kufokewa. Ni beseni. Wataniuliza kigari kilikuwa wapi mume wangu alipofika, na nitalazimika kusema kilikuwa chini ya beseni, na nani alikifunika, na baba alikuwa wapi wakati huo.

Jumapili, 17 Machi

Naandikia jikoni, maji yako motoni. Wako sebuleni wote.

Baba alidhani wamekuja kumjulia hali. Amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Mkono mmoja wa shati nimemkatia jana ili plasta ipite, akanisifu kwa kushona pindo. Alikaa katikati ya wanawe anang'aa. Akaanza kuwaambia habari za kigari chetu, jinsi kinavyokata kona, na breki. Wifi akamkatiza kwa upole, akamwambia baba, tuna neno.

Shemeji ndiye aliyesema. Alisema vizuri, kwa heshima zote, na kila neno lilikuwa sumu. Umri. Kuanguka bila sababu. Pikapu. Chumba kipo tayari kwake, kina feni na televisheni. Niliuona uso wa baba unavyoelewa polepole. Akageuka akanitazama. Mara moja tu. Hakukasirika — alinitazama kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi apite. Nilikuwa mlangoni na trei tupu. Nikatazama zulia.

Alingoja. Sote tulingoja, wao hawakujua wanangoja nini.

Basi baba akasema mimi ni mzima. Shemeji akasema, baba, kama ni mzima tuonyeshe. Tembea mpaka dirishani urudi, tuone. Mume wangu akasema kaka, acha, lakini akasema kwa sauti ndogo.

Na baba akasimama! Mbele ya watoto aliowafundisha yeye kutembea. Akashika njia, kifua mbele, mkono wa plasta umening'inia shingoni. Alitembea vizuri. Alitembea kwa uangalifu mno, kama mtu anayejua anahesabiwa, na kwa sababu hiyo, alipogeuka dirishani, akayumba kidogo akagusa kiti. Mtu yeyote angegusa. Wifi akamtazama mume wangu: umeona? Mume wangu akafunika uso.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilihisi yanakuja, nilihisi kabisa. Nikasema, ngoja nilete chai.

Ngoja nilete chai!

Maji yamechemka yanamwagika jikoni, sijayaondoa. Mlango uko wazi. Wifi anasema chai inakawia. Shemeji anamwambia baba arudie, safari hii bila kushika kitu. Nasikia kiti kinasogezwa, nasikia viatu vyake, kimoja, kingine, anakwenda dirishani tena. Na mimi niko hapa, naandika.